Mwaka wa Kupepeta Funza

Tulipofunua pipa la mahindi la marehemu mama, yalitangulia kutoka majani makavu ya mwarobaini, nami nikaangua kicheko. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi, kule kwetu Ganda, watu wangali wamekaa mikekani uani, na dada yangu akanitupia jicho la kuniambia aibu nyingine nizilete siku nyingine. Wakwe zake walikuwa palepale. Mmoja akaniletea maji, akanishika bega, akaniambia nilie tu nisijizuie, maana alidhani majonzi yamenipanda kichwani. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba majani hayahaya ya mama yaliwahi kuniponza, nikawa karibu kuua nyumba nzima ya mijusi ya watu? Nilikunywa maji, nikajifuta macho, nikaendelea kucheka chini kwa chini mpaka mbavu zikauma. Nina miaka hamsini na mbili, nina wajukuu wawili, kanisani naitwa mama mlezi, lakini ukinitajia mwaka ule heshima yote hunitoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dada alikuwa ameshaanza vibarua vya chumvi Gongoni, akija nyumbani visigino vimepasuka na macho mekundu kwa jua, na kila mtu alikuwa akisema kwamba zamu inayofuata ni yangu. Mimi nikaapa siendi. Si kwamba nilikuwa mvivu, ila nilikuwa na kichwa kigumu, na nilishaamua kwamba maisha yangu hayatakuwa ya kuparua chumvi. Basi siku moja sokoni Malindi, muuza mboga mmoja akaniambia kuna Bi mmoja huko mtaa wa Shela anatafuta msichana wa kazi, na kwamba watatu wamekwisha kumkimbia. Nikamuuliza wamekimbia nini. Akapanga nyanya zake kwanza, kisha akasema, "Wewe nenda tu, utajionea."

Bi Mwanaisha alinipokea barazani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mjane, ametoka eda miezi michache tu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" Nikamwambia Ganda. "Ganda mwalima," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Basi kupepeta wajua." Hakuniuliza kama najua kupika wala kufua. Aliingia ndani akatoka na ungo na beseni lililofunikwa leso, akaniwekea miguuni, akafunua. Ndani mlikuwa na wishwa, pumba za ngano, na wishwa ulikuwa unatembea.

"Nitengee," akasema. "Vumbi kando, maganda kando, wadudu kando. Usinimwagie hata mmoja."

Walikuwa funza wa unga, wa rangi ya asali, warefu kiasi cha pingili ya kidole, wanapandana na kushukiana kwa mamia. Mtu mwingine angeinuka aende zake, na ndivyo walivyofanya wale watatu. Lakini mimi nimekulia kwenye nafaka. Mdudu wa unga kwangu si kitu cha kukimbiwa. Nikawamimina ungoni, mikono ikaanza yenyewe bila kuniuliza. Maganda waliyoyavua yakapeperuka na upepo wa baraza, vumbi likajikusanya ukingoni, funza wakabaki katikati wamejaa tele. Bi Mwanaisha akatazama, akaitikia kwa kichwa. "Marehemu alikuwa akitumia chekeche," akasema. "Kazi ilimla asubuhi nzima. Haya, ingia uwaone wenye chakula chao."

Chumba chao kilikuwa nyuma, baada ya jiko, chenye madirisha ya wavu na kivuli cha mpera. Mlikuwa na masanduku makubwa ya mbao na wavu, na ndani yake vinyonga wanne na guruguru wawili. Guruguru, kwa asiyemjua, ni mjusi mnene wa ardhini, mwenye magamba kama ya vigae, na yule mkubwa aliitwa Bwana Harusi kwa jinsi alivyokuwa akitoka pangoni kwake taratibu, amevimba, akisubiri kutazamwa. Kinyonga mzee kuliko wote, jike, aliitwa Shangazi. Mume wa Bi Mwanaisha ndiye aliyewaanza. Palipokuwa pakijengwa nyumba na majitu ya mashine yakichimba, yeye alikwenda akawaokota, akaomba kibali serikalini, akawatunza miaka na miaka. Funza walikaa juu ya meza katika mabeseni manane, na kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo la maziwa lililojaa maji, sisimizi wasipande. Kazi yangu ilikuwa kuyajaza makopo yale, kubadilisha vipande vya karoti na boga kabla havijaota ukungu, kupepeta, na kulisha.

Siwafichi, wiki ya kwanza niliwalisha vinyonga kwa kijiti kirefu, nimesimama mlangoni. Kwetu kinyonga anaogopwa kuliko nyoka. Mama yangu aliwahi kumuua swila kwa jembe akaendelea kulima mstari uleule, lakini akimwona kinyonga kwenye ua, siku hiyo hatoki. Siku ya nane Bi Mwanaisha akaninyang'anya kijiti. "Wamlisha au wamchoma?" akaniuliza, akanitia funza mmoja kiganjani. Nikanyoosha mkono, nimefumba jicho moja. Shangazi akanigeuzia jicho lake moja, lile jingine likawa linatazama dirishani kama halina habari, kisha ulimi ukatoka na funza hayupo. Kiganjani mlibaki unyevu kidogo tu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikataka tena na tena, na mpaka leo nikiulizwa ni kitu gani kilichonifurahisha zaidi ujanani, watu hungoja niseme harusi yangu.

Na chakula cha nyumba ile, jamani. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki wa kupaka, na Bi Mwanaisha hakuwa mtu wa kumtengea msichana wa kazi sahani yake kando. Tulikula sinia moja, jikoni, milango wazi, tukiwasikia wale wa chumba cha nyuma wakikwaruza mbao. Mimi niliyetoka nyumbani nimekonda nikaanza kubanwa na magauni. Na jikoni ndiko nilikoyasikia mambo ya watu wazima, maana dirisha lake lilikuwa karibu na baraza, na jirani yetu Bi Fatuma hakujua kusema polepole.

"Wauze, waachie, watupe porini," Bi Fatuma akasema jioni moja. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. "Mwanamke mjane na vinyonga, watu wasemaje?"

Bi Mwanaisha akasema, "Marehemu alikuwa si msemaji, wamjua. Miaka thelathini na mbili, na mimi hakuniambia mambo mengi. Lakini akitoka kazini alikwenda kule nyuma akawaambia wao. Nani kamuudhi, nani kamfurahisha, anaogopa nini. Nami nikakaa hapa jikoni nikasikiliza. Mambo yote niliyoyajua ya mume wangu niliyajulia huku, nakuna nazi. Sasa niwatupe porini?" Mimi mchicha ulinishinda kuchambua, nikaukata na mizizi yake.

Ndipo nikaelewa kwa nini jambo la kibali lilikuwa likimkosesha usingizi. Kibali kilikuwa kwa jina la marehemu. Ofisini walimwambia kwamba jina haligeuzwi hivi hivi, kwanza atakuja afisa wa wanyamapori baada ya mvua kuanza, awakague, awapime uzito, atazame kitabu. Akiona wanatunzwa, kibali kitakuwa cha Bi Mwanaisha. Akiona wamedhoofu, atawachukua. Kitabu kilikuwa daftari kubwa la marehemu: kila Ijumaa, jina la kila mnyama na uzito wake. Macho ya Bi Mwanaisha yalikuwa yamefifia, kwa hivyo kuandika kukawa kazi yangu, na niliandika kwa maandishi yangu mazuri ya shule, nikijiona karani.

Sasa nifike kwenye ule upuuzi wangu. Kabla ya mvua, katika joto lile la Machi linalokausha hata jasho, nilikwenda nyumbani Jumapili, nikanogewa, nikalala siku mbili badala ya moja. Kurudi, makopo yote manne ya meza yamekauka, na sisimizi wamepanda kwa misururu. Mabeseni mawili yalikuwa yameshambuliwa, funza wanavutwa wakiwa hai. Bi Mwanaisha alikuwa ameenda Kilifi kwa dada yake, kwa hivyo hakuona, nami niliomba Mungu asione kabisa. Nikajaza makopo, nikafuta, nikafagia, lakini sisimizi waliokwisha kuingia ndani ya wishwa hawakutoka. Basi nikafanya alivyokuwa akifanya mama, na mama yake kabla yake, kila mavuno, mdudu asipotakikana ndani ya nafaka. Nikatoka nje, nikakwanyua matawi ya mwarobaini, nikayatwanga majani, nikayachanganya na wishwa katika mabeseni saba. La nane, lenye funza waliokwisha kukomaa wakawa wadudu weusi wanaotaga mayai, majani yaliniishia kabla sijalifikia.

Kesho yake sisimizi hakuna. Nilijisifu wewe. Nilitembea mle chumbani kifua mbele, nikamweleza Bwana Harusi jinsi nilivyo na akili. Haikunijia hata mara moja kwamba dawa inayomfukuza mdudu kwenye unga haimuulizi mdudu kama yeye ni adui au ni mfugo. Siku kumi zikapita. Nikakaa barazani na ungo wangu, nikarusha, nikapokea, nikarusha, upepo mzuri kabisa, na hakuna ganda hata moja lililopeperuka. Nikarudia. Hakuna. Funza wa unga hukua kwa kuvua ganda, akilikosa la kuvua ni kwamba hakui, na asiyekua anakufa. Nikawatazama vizuri, nikaona wengi wameanza kuwa weusi kwenye mikia. Pale pale barazani nikajua nilichofanya. Ungo ukaniponyoka, wengine wakamwagika sakafuni.

Wiki mbili zilizofuata sizipendi. Funza walikufa beseni baada ya beseni. Guruguru walijikaza kwa matunda kidogo, lakini kinyonga hali kitu kisichotembea. Unamwekea mdudu aliyekufa anakutazama kama umemtukana. Bi Mwanaisha akadhani ni ugonjwa. Akawapuliza, akawasomea, akabadilisha wishwa, akalaumu duka. Akakaa mbele ya Shangazi akamwambia, "Usinifanyie hivi, mwanangu, usiniondokee nawe." Nami nipo mlangoni na ufagio, mdomo umefungwa. Ijumaa ikija, nikapima, nikaona mizani inashuka, na kalamu iko mkononi mwangu, na yeye haoni vizuri. Ningeweza kuandika uzito wa mwezi uliopita na hakuna mtu angejua. Niliikaribisha kalamu kwenye karatasi mara mbili. Nikaandika uzito wa kweli, lakini msidhani ni wema. Niliogopa tu kwamba nikianza kuandika uongo katika daftari la mtu aliyekufa sitalala tena.

Ijumaa ya tatu nilishindwa. Bi Mwanaisha alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, nami nikasimama mbele yake nikasema yote, sisimizi, makopo, siku mbili za Ganda, majani. Akaendelea kukuna.

"Uliwatilia mwarobaini," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Wadudu."

"Ndiyo, Bi."

"Mwarobaini, wa kuulia wadudu."

Akakiweka kifuu cha nazi chini, akajifunika uso kwa ncha ya leso, na mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mjane, na nikaanza kulia mimi. Kumbe mwenzangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha kweli akalia kidogo, kisha akajipangusa akasema, "Ungaliniambia siku ile ile, nisingaliwasomea dua wadudu wa watu. Keti ule." Nikasema sina njaa. "Sikukuuliza kama una njaa. Ukishiba tutafikiri."

Tukafikiri. Beseni la nane lilikuwa zima, mayai yalikuwa yameshaanza kutoa funza wembamba kama uzi, lakini hao wangehitaji miezi, na afisa alikuwa anakuja baada ya wiki tatu. Mvua ilikuwa imeanza bara. Nikamwambia Bi Mwanaisha kwamba Ganda sasa hivi kumbikumbi wanatoka vichuguuni na panzi wamejaa kwenye majani mapya. Akaniambia, "Basi wangoja nini?"

Nilichongoja ni kwamba mama hakujua. Nilikuwa nimemwambia nafua nguo kwa Bi mmoja wa Shela. Nilimkuta anapalilia, nikaanza kwa mbali, nikazunguka, mpaka neno kinyonga likabidi litoke. Akasimamisha jembe.

"Unawalisha vinyonga," akasema, "kwa mikono hii unayonisongea sima?"

"Naosha, mama."

"Unaosha." Akapalilia mstari mzima bila kunitazama. Nikamweleza kibali, na mjane, na mume asiyesema. Nikamweleza mwarobaini. Hapo akageuka. "Nani kakuambia uwatilie?" Nikamwambia, "Wewe, mama. Si ndivyo unavyofanya?" Jioni ile nikamsikia uani akiwaambia wanawake wenzake kwamba kuna wanyama mjini wana njaa kwa sababu yake, na kwamba yeye huko hatii mguu, lakini mwenye ndoo na alete ndoo.

Sijaona furaha kama ya asubuhi zile. Mvua ikikatika alfajiri, wanawake watano sita, leso zimefungwa viunoni, wanakimbizana na panzi kwenye majani mabichi wakianguka na kucheka, wanafunika vichuguu kwa majani ya mgomba wakingoja kumbikumbi. Nusu ya kumbikumbi waliliwa papo hapo, wamekaangwa na chumvi, hilo siwezi kukana. Waliobaki niliwatia vikapuni, nikapanda nao baiskeli ya kukodi mpaka Shela, wanachakarika mgongoni mwangu njia nzima. Shangazi alimla panzi wa kwanza nikamsikia anavyomtafuna. Bi Mwanaisha alikuwa ameshika wavu kwa mikono miwili. Ijumaa iliyofuata mizani ikapanda kidogo, na iliyofuata ikapanda tena.

Afisa alikuja Jumatano asubuhi. Alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, kiatu kimepakwa rangi, na alitupa shikamoo hata mimi. Akawapima mmoja mmoja. Alikuwa amefika kwa Bwana Harusi niliposikia hodi, na aliyeingia uani na ndoo kichwani, amelowa matope mpaka magotini, alikuwa mama. Siku hiyo alikuwa amemkosa mwenye baiskeli wa kutuletea vikapu, na panzi walikuwa hai, kwa hivyo akaja kwa miguu. Alifika mpaka kizingiti cha chumba cha nyuma akasimama hapo, akawatazama vinyonga, akakaza macho kwenye sakafu.

Afisa akafungua daftari. Akasoma taratibu, akarudi nyuma, akaweka kidole. "Hapa katikati walikonda sana," akasema. "Kinyonga huyu alikaribia kufa. Kulikuwa na nini?"

Nilimwona Bi Mwanaisha akifungua mdomo, nikamtangulia. "Ni mimi," nikasema. "Niliwatilia funza mwarobaini nikawaua. Wakakosa chakula."

"Huyo alifanya alivyofundishwa," mama akasema kutoka mlangoni. "Mwarobaini ni wangu. Niandike mimi."

"Nyumba ni yangu," Bi Mwanaisha akasema, "na msichana ni wangu, na wadudu ni wangu. Ukiandika kosa, liandike kwangu, usinivunjie wageni heshima."

"Wewe ulikuwa Kilifi," nikamwambia.

"Nawe nyamaza, nasema na serikali."

Afisa alikuwa anatugeukia mmoja baada ya mwingine. "Mama zangu," akasema, "fomu hii ina mstari mmoja tu."

Hapo mama akakasirika, nadhani, au alichoka kuona mambo hayaishi. Akavuka kizingiti. Akatia mkono ndooni, akatoa panzi, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la Shangazi lililokuwa wazi, akanyoosha mkono, macho ameyafumba yote mawili. "Mwone basi kama ana njaa," akasema. Shangazi akamtazama, akakadiria, na panzi hakuwepo tena. Mama akabaki amenyoosha mkono, hajui kama imekwisha. Bi Mwanaisha akamshika kiwiko, akamwambia polepole, "Amekula, dada yangu. Fumbua macho."

Afisa akainama, akaandika. Akampa Bi Mwanaisha karatasi, naye kwa macho yake yale akanipa mimi. Nikasoma kwa sauti kwamba uzito unaridhisha, kwamba kibali kitolewe kwa jina la mjane. Na kwenye ule mstari mmoja, palipotakiwa maelezo kuhusu utunzaji, alikuwa ameandika, "Wanyama hawa wana wenyewe."

"Soma tena," Bi Mwanaisha akasema. Nikasoma tena. Mama akauliza wamesemaje, hakusikia vizuri, nikaanza kusoma mara ya tatu, nikiwatazama wote wawili pale wameshikana, mmoja wa matope na mmoja wa udi, na mara ya tatu sikuweza kuimaliza.